Uhariri wa Pamoja wa Ramani Mtandaoni na Suala la Ushahidi: Uhakiki wa Ramani Huria katika Kata ya Magomeni

Uhakiki huu unaichunguza Ramani Huria, mradi ulioanza jijini Dar es Salaam mwaka 2015, kama zao la uhariri wa pamoja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wakazi, walipita mitaani na ramani za karatasi wakiandika nyumba, vichochoro na mitaro. Kisha taarifa hizo ziliingizwa katika OpenStreetMap, hazinadata iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri. Magomeni ni miongoni mwa kata zilizochorwa.

Manufaa ya kazi hiyo hayabishaniwi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na mtaro usiokuwemo katika ramani ni vigumu kuupangia usafi au upanuzi. Kinachobishaniwa ni dai kwamba uhuru wa kuhariri unatosha kuifanya ramani iwe ya wakazi.

Mtaa wa Suna unalidhoofisha dai hilo. Kuanzia Desemba 2015, nyumba za bondeni Msimbazi, zikiwemo za Suna, zilibomolewa. Kwa mhariri aliye mbali, jengo lisiloonekana tena katika picha ya angani ni kosa la data. Akilifuta, ramani huwa sahihi. Kwa aliyebomolewa, mchoro ule ulikuwa miongoni mwa alama chache za hadharani kwamba nyumba yake ilikuwepo. Ni kweli kwamba historia ya uhariri huhifadhi toleo lililofutwa, na lebo za majengo yaliyobomolewa zipo. Hata hivyo, matumizi ya lebo hizo ni ya hiari, na maelezo ya sababu yanaweza kuachwa wazi. Hivyo bomoabomoa na kosa la mchoraji vyote huweza kuonekana kama ufutaji wa kawaida.

Ulinganisho na uhariri wa jenomu unaufafanua upungufu huu. Jenomu ya mbung'o ilichapishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa wanasayansi 146. Katika kazi za aina hiyo, anayerekebisha jeni iliyokisiwa na kompyuta huilinganisha na mifuatano ya RNA iliyopimwa maabara, na mwenye shaka huweza kuurejea ushahidi uleule. Suna, ushahidi umo katika kumbukumbu za wakazi na wajumbe wa nyumba kumi, ambazo hazinadata haizidai.

Inahitimishwa kuwa udhaifu wa Ramani Huria hautokani na wingi wa wahariri, bali na kutowalazimu kutaja msingi wa mabadiliko yao. Ufutaji wa makazi ya watu unapaswa kuambatana na sababu, tarehe na ushuhuda wa mtaa. Bila hayo, mtafiti atakayeisoma Suna kupitia ramani ya sasa ataona bonde tupu na kudhani kuwa halikuwahi kukaliwa.