Ukimya wa Mwenyeji: Tahakiki ya Ripoti ya MIT kuhusu Mashtaka ya Aaron Swartz

Kanuni za matumizi ya kompyuta na rasilimali za habari vyuoni huandikwa kwa lugha ya ukarimu wenye masharti: mtumiaji anaruhusiwa, ilimradi matumizi yake yaendane na malengo ya ufundishaji, utafiti na uendeshaji wa chuo. Jambo ambalo ni nadra kuelezwa ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba ruhusa imekwisha. Pengo hilo linajitokeza katika ripoti iliyotolewa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) mwezi Julai 2013, chini ya uenyekiti wa Profesa Hal Abelson, kuhusu nafasi ya taasisi hiyo katika kesi ya Aaron Swartz.

Mambo ya msingi yanafahamika. Kuanzia Septemba 2010 Swartz, ambaye hakuwa mwanafunzi wala mwajiriwa wa MIT, alitumia mtandao wa taasisi hiyo, uliokuwa wazi kwa wageni, kupakua mamilioni ya makala kutoka hifadhidata ya JSTOR. Alikamatwa Januari 2011. Juni mwaka huo JSTOR ilimalizana naye nje ya mahakama. Mwezi uliofuata alishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, na Septemba 2012 mashtaka yakaongezwa kutoka 4 hadi 13. Alijiua tarehe 11 Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 26, kabla kesi haijasikilizwa.

Ubora wa ripoti ni uaminifu wake katika kupanga matukio. Haifichi kwamba si upande wa mashtaka wala wa utetezi uliowahi kuiuliza MIT iwapo Swartz alikuwa na idhini ya kutumia mtandao, na kwamba MIT yenyewe haikujiuliza. Udhaifu wake ni kuwa, baada ya kuliibua jambo hilo, inaliacha liwe moja tu kati ya mengi, ilhali sehemu kubwa ya mashtaka ilisimama juu yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 kuhusu udanganyifu na matumizi mabaya ya kompyuta humtia hatiani anayeingia bila idhini au anayevuka idhini aliyopewa. Idhini hiyo hutolewa na mwenye mtandao, si mwendesha mashtaka. MIT haikuomba mashtaka yafunguliwe wala yafutwe, na msimamo huo ikauita kutopendelea upande wowote. Hata hivyo, mwenyeji anaponyamaza kuhusu ruhusa yake mwenyewe, huwaachia wengine waifasiri. Ukimya wa namna hiyo una upande.

Inaweza kupingwa kwamba Swartz alijua amekatazwa: kompyuta yake ilipozuiwa aliibadilishia anwani, na hatimaye akaificha kompyuta mpakato katika chumba cha nyaya. Pingamizi hili lina uzito, na linathibitisha uvunjaji wa kanuni. Lakini kati ya uvunjaji wa kanuni na jinai ya kifungo cha miaka mingi kuna umbali, na ripoti haiupimi. Katika Kiswahili, mgeni anayekiuka ada za mwenyeji hatajwi kwa jina moja na anayevunja nyumba. Lugha yenyewe hutenganisha makosa hayo.

Umuhimu wa utengano huo ulidhihirika baadaye. Mwaka 2021, katika kesi ya Van Buren, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu aliyeruhusiwa kufikia taarifa fulani havuki idhini kwa sababu tu amezitumia kwa nia isiyofaa. Uamuzi huo hauwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwa Swartz, aliyekuwa amezuiwa mara kadhaa. Hata hivyo, unaonyesha hatari ya kugeuza kila sharti la matumizi kuwa mpaka wa jinai.

Ripoti inakiri kwamba MIT ilipoteza nafasi ya kuonyesha uongozi, kisha inafunga kwa maswali. Maswali hayo ni ya haki, ila yanaahirisha hitimisho ambalo ushahidi wake tayari unalielekeza: chuo kinachofungua mtandao wake kwa wageni kinawajibika kueleza mapema ni kosa lipi litamalizwa kwa kufungiwa huduma, lipi litapelekwa polisi, na ni nani ndani ya chuo atakayesema kwa sauti kwamba idhini ilikuwapo au haikuwapo.