Kipimo cha Jino Lililolika

Mwenye Massey Ferguson 135 hana shida kubwa ya spea. Trekta hiyo ya miaka ya 1960 imeigwa sana, na vipuri vyake vimejaa madukani. Shida anayo mwenye Fordson Major E27N, trekta iliyoacha kuundwa Dagenham, Uingereza, mwaka 1952. Gia yake ikivunjika meno, duka la mtaani halina la kumsaidia. Huitia kwenye kiroba akaenda kwa wakereza vyuma, Gerezani kama yuko Dar es Salaam, Kariobangi kama yuko Nairobi.

Wengi humsifu fundi huyu kwa mikono yake. Mimi namsifu kwanza kwa macho. Kabla hajawasha mashine ana kazi ya kuisoma gia ile, nayo haisemi kweli. Miaka ya vumbi na oili chafu imeila. Ukiipima jinsi ilivyo na kukata nyingine sawasawa nayo, umeunda gia mpya ambayo tayari imechakaa. Kwa hiyo fundi hutafuta mahali ambapo kazi haikufika: pembe ya jino isiyogusana na mwenzake, kipande cha tundu kilichojificha nyuma ya beringi. Hapo ndipo anapoweka venia.

Tuseme ni gia ya meno yaliyonyooka. Anahesabu meno 28. Anapima kipenyo cha nje, anapata inchi 4.94. Anaongeza 2 kwenye 28, anagawa 30 kwa 4.94, jibu, namba ya ukubwa wa meno, ni 6.07. Hapo mwanagenzi angeandika 6.07 na kuendelea. Mzee anaifuta. Hakuna mchoraji aliyekaa mezani akachora gia ya 6.07, alichora 6, na kipenyo kilikuwa inchi 5 kamili. Kilichopungua kimeliwa na shamba. Kwa hesabu hiyo fupi, mtu wa Gerezani amerudi hadi kwenye karatasi ya mchoraji ambaye hawakuonana kamwe, na mimi sijui ustadi unaostahili heshima kuliko huo.

Chuma chenyewe hakitoki mbali. Ekseli kuukuu ya lori ni chuma kizuri, kigumu kwa asili yake. Huchomwa kikawa chekundu, kikaachwa kipoe polepole ndani ya majivu, ndipo kikubali kukerezwa.

Kukata meno ni kazi ya kuhesabu. Mkono wa kichwa cha kugawia huzungushwa mara 40 ili gia izunguke mara moja; kwa meno 28, kila jino linadai mzunguko mmoja na sehemu tatu kati ya saba. Fundi huchagua duara la matundu 21 kwenye sahani, huzungusha mkono mara moja kamili, husogea matundu 9, hufunga, hukata. Kisha tena. Redio inaweza kuwa inaimba na mteja anauliza bei, lakini fundi haitikii mpaka pini iingie tunduni. Akikosea tundu moja tu, meno mawili jirani hayalingani, moja nene na jingine jembamba, na ekseli nzima inarudi kwenye chuma chakavu.

Jino la mwisho likikutana na la kwanza bila kuachana, gia hurudi motoni. Fundi hana kipimajoto, anayo sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikipata joto la kutosha sumaku haikishiki tena, na hapo hukizamisha kwenye oili, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo kisije kikawa kigumu cha kupasuka.

Bado kuna gia mwenza, iliyobaki ndani ya trekta na meno yake yaliyolika. Ikikutana na gia mpya itaitafuna. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali, na humtaka alete zote mbili.