Kioo Kilichovunjika Hackney

Balaa lote la filamu ya Bullet Boy linaanzia kwenye kioo cha pembeni cha gari. Ricky, kijana wa Hackney, mashariki mwa London, ndiyo kwanza ametoka kifungoni. Rafiki yake Wisdom amekwenda kumchukua, na wakiwa njiani kurudi mtaani gari lao linavunja kioo cha gari la watu wengine. Kioo hununuliwa dukani. Radhi moja ingetosha. Lakini mwenye gari anakuja juu, Wisdom naye hataki kuonekana mnyonge, na Ricky, ambaye hajamaliza hata siku moja ya uhuru wake, anajikuta ndani ya ugomvi asioutafuta.

Saul Dibb aliongoza filamu hii mwaka 2004. Alikuwa ametokea kwenye filamu za maisha halisi, na hii ilikuwa hadithi yake ndefu ya kwanza ya kubuni. Fedha hazikuwa nyingi. Humo hamna majumba yanayolipuka wala magari yanayofukuzana jiji zima, na hamna bosi wa genge mwenye suti na walinzi. Ufundi wa Dibb ni kwamba hakujaribu kuuficha ufinyu huo. Kwa kuwa hawezi kuonyesha vita vya mtaa mzima, anaifuata bastola moja: iko mkononi mwa nani, imefichwa wapi, nani ameiona, nani amenyamaza.

Na bastola hiyo inafika nyumbani, jambo ambalo filamu nyingi za uhalifu huliruka. Ricky ana mdogo wake, Curtis, mwenye umri wa miaka 12, anayemtazama kaka yake kwa macho ya kumwamini kabisa. Luke Fraser, aliyeigiza nafasi hiyo, anafanya mengi kwa kutazama tu. Mtoto anaigundua bastola, na tangu hapo mtazamaji hatulii tena, hata pale ambapo hakuna kinachotokea. Dibb anawapeleka watoto kwenye uwanda wa Hackney Marshes, penye majani, anga na maji, mahali ambapo London inasahau kidogo kuwa jiji. Curtis na rafiki yake Rio wanacheza. Bastola ipo kati yao, na kwao bado ni sehemu ya mchezo, mpaka risasi inapotoka na kumpata Rio. Mwongozaji mwenye pupa angepaza muziki na kurudia tukio mara tatu. Dibb anaacha mshtuko ubaki kwa mtoto, na mtazamaji anabaki na hesabu ya kutisha: kutoka kioo cha gari hadi mwili wa mtoto huyu, hakuna hatua hata moja iliyohitaji mtu mwovu kupindukia. Kila mmoja alikuwa analipiza kidogo tu.

Anayeigiza Ricky ni Ashley Walters, aliyejulikana kwanza kama mwanamuziki wa kundi la So Solid Crew, na ambaye yeye mwenyewe alikwisha kutumikia kifungo kwa kosa la kumiliki bastola. Ingekuwa rahisi kuigeuza historia hiyo kuwa tangazo. Kinachoonekana kwenye kioo cha filamu ni kinyume chake: kijana mwenye sauti ya chini, mabega yaliyochoka, anayetaka kutulia na mpenzi wake lakini hajui namna ya kumwacha Wisdom bila kumsaliti. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya chipukizi katika tuzo za filamu huru za Uingereza mwaka huohuo.

Clare Perkins, kama Beverley, mama wa vijana hao, anastahili sifa zaidi ya alizozipata. Mama huyu anakwenda kanisani, anapika, anafanya kazi, na mwishowe analazimika kumfukuza mwana mmoja nyumbani ili kumwokoa mwingine. Perkins haombi huruma ya mtu. Uamuzi wenyewe unauma kuliko kilio chochote ambacho angeweza kukitoa.

Dibb hakuanzia hewani. Mwongozaji Ken Loach alikuwa amekwisha kuonyesha njia: Kes, ya mwaka 1969, aliipiga huko Barnsley na mtoto wa hukohuko, na mwaka 2002 alimchukua Martin Compston, kijana asiyewahi kuigiza filamu, akampa uzito wote wa Sweet Sixteen katika eneo la Greenock, Scotland. Baadaye ukaja mpango wa shirika la Film London uliojulikana kama Microwave, uliotaka filamu nzima itengenezwe kwa takriban pauni 100,000. Humo ilitoka Shifty ya Eran Creevy, iliyopigwa kwa siku 18, hadithi ya marafiki wawili na dawa za kulevya ambayo nguvu yake yote iko kwenye mazungumzo. Ikatoka pia Ill Manors ya Ben Drew mwaka 2012, yenye hasira ya kweli, ingawa imebeba wahusika wengi mno hata baadhi yao wanapita bila kufahamika. Kwa wingi wa damu inaipita Bullet Boy mbali, lakini ni vigumu kuyakumbuka majeraha yake yote; la Rio halisahauliki.

Tangu mwaka 2011 Walters amefahamika kama Dushane wa Top Boy, tamthilia ya televisheni iliyorudi Hackney ileile na hatimaye ikapata fedha za Netflix. Aliyemjua kwa Dushane, mtu wa mipango na amri, afanye hima kumtafuta Ricky. Atamkuta Walters akiwa kijana mdogo, asiye na wa kumwamuru, akijaribu kumtuliza rafiki yake kwa sababu ya kioo.