Samatta kabla ya mpira kufika

Mpunga ukishavunwa, bonde la Kilombero linajaa viwanja. Miti miwili inasimikwa huku, miwili kule, na kuanzia Ifakara hadi Mlimba jioni inakuwa ya soka. Mpira wenyewe mara nyingi ni wa makaratasi na soksi, umekazwa kwa kamba, na mpira wa aina hiyo haudundi wala haupigiki krosi. Ndiyo maana watoto wetu wanakua wakijua chenga, pasi fupi, kuulinda mpira mguuni kati ya miguu minne ya wenzao. Kupiga kichwa kunakuja baadaye sana, na kwa wengi hakuji kabisa. Nalitaja hili kwa sababu mchezaji ninayependa kumtazama kuliko wote, Mbwana Samatta, ambaye naye ni mtoto wa soka la nchi hii, aliwashangaza Waingereza kwa kichwa.

Safari yake inajulikana, nitaipitia haraka. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akatokea African Lyon, ile iliyokuwa Mbagala Market, akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huohuo matajiri hao wa Lubumbashi wakamchukua. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika, yeye akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016, pale Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na kabla mwezi haujaisha alikuwa wa Genk, Ubelgiji. Huko alitwaa ubingwa wa msimu wa 2018/19 akiwa na mabao 23 ya ligi.

Lakini orodha ya klabu haimwelezi Samatta. Ukitaka kumwelewa, acha kuutazama mpira. Mtazame yeye wakati winga bado anahangaika na beki pembeni. Hatua yake ya kwanza mara nyingi ni ya kwenda mbali na goli. Beki anayemkaba analazimika kuchagua: amfuate, au abaki na mpira machoni. Akigeuza shingo kumtafuta, Samatta ameshahamia upande wa pili wa bega lake. Kisha anapunguza mwendo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana kijana mwenye kasi kama yake kwa kawaida hukimbia tu. Yeye anasubiri. Mguu wa winga ukishapiga ndipo anafyatuka, na anafika mbele ya beki kwa nusu hatua. Wapiga upondo wa mto Kilombero wana macho ya namna hii: jicho liko kwenye maji ya mbele, na mtumbwi unageuka kabla mkondo haujausukuma.

Oktoba 2019 Liverpool, mabingwa wa Ulaya, walikwenda Genk. Samatta aliujaza mpira wavuni kwa kichwa, bao likakataliwa kwa sababu Junya Ito, aliyepiga krosi, alikuwa ameotea. Genk walifungwa 4-1. Novemba 5 walirudiana Anfield. Ikapigwa kona, Samatta akapanda, kichwa tena, na safari hii hapakuwa na wa kulikataa. Liverpool walishinda 2-1, lakini kwangu mechi hizo mbili ni somo moja. Straika wengi wakinyang'anywa bao zuri wanabadili kitu, wanaanza kupiga kwa hasira. Yeye alirudia kazi ileile, akaifanya kwa usafi uleule.

Januari 2020 alisajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Februari 1 kule Bournemouth, alifunga kwa kichwa. Halafu Machi 1, Jumapili, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City. Ilikuwa jioni kwetu, na vibanda umiza vya Ifakara havikuwa na pa kuweka mguu. City walitangulia 2-0. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi alipiga krosi, na Samatta akajirusha.

Bao lile nimelirudia mara nyingi, na bado naona ndilo bora kati ya yote aliyofunga. Mpira ulikuja chini, mahali ambapo wengi wangetaka kuupiga kwa mguu, na mguu ungechelewa. Aliamua kutumia kichwa angali mbali. Ukijitupa vile unakuwa umeshalipa gharama yote kabla ya kugusa mpira: huwezi kurudi nyuma, huwezi kusahihisha, kilichobaki ni paji la uso na shingo iliyokazwa. Claudio Bravo, kipa wa City, hakuweza kuuzuia. Villa walifungwa 2-1, na kombe likaenda Manchester.

Ufundi huu hauzeeki upesi. Ali Daei wa Iran, aliyeogopwa kwa vichwa vyake, alifunga mabao zaidi ya 100 ya timu ya taifa, rekodi iliyodumu hadi Cristiano Ronaldo alipoipita mwaka 2021, na alikuwa bado anafunga akiwa na zaidi ya miaka 35. Samatta naye alipita Fenerbahçe na Antwerp, akarudi Genk, akatwaa ubingwa wa Ugiriki na PAOK mwaka 2024, na mwaka 2025 akaingia Le Havre ya Ufaransa. Kasi ya miguu inapungua kwa kila binadamu. Kujua krosi itaangukia wapi hakupungui.

Kwa hiyo nina ombi kwa makocha wa mchangani wa Ifakara, Mang'ula na Kidatu. Tafuteni mpira mmoja wa ngozi wa mazoezi, muweke kijana pembeni apige krosi hamsini, na wengine wasubiri ndani ya boksi bila kukimbia ovyo. Wakishachoka, wawekeeni video ya Wembley kwenye simu, ila msianzie kwenye bao. Anzieni sekunde chache nyuma, pale El Ghazi anapoupata mpira, na waambieni wamtafute Samatta.