Nani Amevaa Miwani? Uhakiki wa Filamu Clouds Over Sidra

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2015 ilitoka filamu fupi iliyotaka kuonyesha kwamba methali hii imepitwa na wakati. Filamu hiyo ni Clouds Over Sidra, iliyoongozwa na Gabo Arora na Chris Milk kwa ajili ya Umoja wa Mataifa. Inachukua dakika nane na nusu hivi. Ilipigwa kwa kamera ya nyuzi 360 katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari nchini Jordan, na mtazamaji anayekusudiwa huitazama akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe. Akigeuka kushoto anaona upande wa kushoto wa kambi. Akiinua uso anaona mbingu ya kambi. Mwaka huohuo Milk alisimama kwenye jukwaa la TED akakiita chombo hiki mashine kuu ya kuleta huruma. Kwa maneno mengine, kitanda cha mwenzio sasa unaweza kukilalia kwa dakika nane, kisha ukaamka.

Katika makala hii ninaihakiki filamu hiyo kwa kuangalia fani na maudhui yake, kisha ninailinganisha na kazi nyingine ya uhalisia pepe iitwayo SnowWorld, iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa walioungua moto. Hoja yangu ni moja. Tukitaka kujua kama teknolojia hii inaisaidia jamii, swali la kwanza lisiwe picha ni nzuri kiasi gani. Swali la kwanza liwe nani amevaa miwani.

Ni haki msomaji ajue nimesimama wapi. Nimekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Wazazi wangu walitoka Kongo. Kiswahili nilichokuja nacho chuoni nilikiokota kwenye foleni ya maji, ambako Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali walipaswa kuelewana kabla bomba halijakauka. Kwa hiyo mimi si hadhira iliyokusudiwa na filamu hii. Mimi ni wa upande ule ambako kamera huwekwa.

Tuanze na sifa zake, kwa sababu anazo. Sidra ni msichana wa Kisyria mwenye umri wa miaka 12. Anatupeleka katika chumba cha familia yake, darasani, kwenye tanuri la mikate, kwa wavulana wanaocheza michezo ya kompyuta, na uwanjani ambako wasichana wanacheza mpira. Anakumbuka kishada chake kilichonaswa mtini wiki ile waliyoondoka nyumbani, na anakitaka. Kwa maoni yangu kishada hicho ndicho kilele cha kazi hii. Waongozaji hawakutuonyesha bomu hata moja. Walitegemea kitu kidogo cha mtoto, na kitu hicho kimebeba vita nzima.

Kwa upande wa fani, kamera haijawekwa juu ikitazama chini kama zinavyofanya picha nyingi za kambini. Chumbani kwa Sidra unajikuta umekaa chini kama yeye alivyokaa. Hakuna damu, wala mtoto mwenye nzi machoni. Watu wanaoka mikate, wanasoma, wanacheza. Mtu aliyezoea mabango ya kuomba misaada atakiri kwamba filamu hii imewaheshimu wahusika wake kuliko mabango hayo. Mtu wa Nakivale pia atakiri kwamba maisha ya kambini yamo humu: kungoja kwingi, na watoto wanaopata mchezo popote.

Tatizo linaanza tunapoutazama uhusiano wa fanani na hadhira. Katika fasihi simulizi tulifundishwa kwamba fanani na hadhira huwa ana kwa ana. Fanani akisema "Paukwa!" hadhira hujibu "Pakawa!", na asipojibiwa hasimulii. Akiona watu wanasinzia hubadilisha sauti. Wakikosa kuelewa humuuliza. Hadithi ni ya pande mbili. Clouds Over Sidra imeazima sura ya mkutano huo. Kuna tukio ambalo watoto wanaizunguka kamera, wanacheka, wanakutazama machoni. Mtazamaji wengi moyo humyeyuka hapo. Lakini watoto wale hawakumwona yeye. Waliona chombo kilichosimama juu ya mguu wa chuma. Mtazamaji akiinamisha kichwa kujitazama, hana miguu wala mikono. Hawezi kuulizwa jina lake, ametoka wapi, wala amekuja kufanya nini. Kwetu mtu anayeingia uani bila kubisha hodi, akatazama kila kitu, kisha akaondoka bila kuonekana, hatumwiti mgeni.

Sauti nayo inaongeza umbali. Anayesimulia anatumia nafsi ya kwanza, "mimi", lakini kwa Kiingereza, ingawa Sidra ni msemaji wa Kiarabu. Tafsiri ilihitajika, sikatai. Ila katika filamu inayodai kutufikisha mpaka chumbani kwa mtoto, ni ajabu kwamba kitu cha kwanza kuondolewa ni lugha ya chumba hicho. Jicho limepewa nyuzi 360 na sikio limepewa hadithi iliyokwisha kupangwa kwa ajili yake.

Likizo iliyopita nilimwonyesha mama mkubwa filamu hii kwa simu, bila miwani, nikiizungusha picha kwa kidole. Aliitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza, "Huyo mtoto, wamemvalisha hiyo miwani naye akaona?"

Nikamwambia, "Mama mkubwa, miwani ni ya wale wanaotaka kujua maisha ya kambini."

"Sawa," akasema. "Yeye hakuwa na kitu alichotaka kuona?"

Swali hilo filamu haijiulizi. Ilionyeshwa Davos mwezi Januari 2015, kwenye Jukwaa la Uchumi la Dunia, na Milk mwenyewe alieleza kwamba lengo lilikuwa kuwafikia watu wenye uwezo wa kubadilisha maisha ya mamilioni, watu ambao pengine wasingekaa kamwe katika hema la mkimbizi. Mpango ni huo: anayeteseka yuko mbele ya kamera, mwenye fedha yuko ndani ya miwani.

Sasa tuiangalie SnowWorld. Hii ilitengenezwa na Hunter Hoffman akishirikiana na mwanasaikolojia David Patterson, wote wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, na ikatumiwa kwa majeruhi wa moto katika hospitali ya Harborview. Mtu aliyeungua hupata maumivu makali hasa wakati kidonda kinaposafishwa na bandeji kubadilishwa, na huenda jambo hilo likarudiwa kila siku kwa wiki nyingi. Muuguzi anapofanya kazi yake, mgonjwa amevaa miwani na anapita polepole katika bonde la barafu. Anawarushia mipira ya theluji pengwini na sanamu za theluji. Maelezo ya watafiti si magumu. Maumivu huhitaji umakini wa mtu, na umakini una kiasi chake. Ukitumika kulenga pengwini, unaobaki wa kusikilizia kidonda hupungua. Mwaka 2000 timu hiyo ilichapisha taarifa ya vijana wawili walioungua, waliojaribu ulimwengu mwingine wa aina hiyo kisha mchezo wa kawaida wa video. Maumivu yalipungua zaidi walipokuwa ndani ya miwani.

Mhakiki wa fasihi akipewa SnowWorld aipe alama, ataifelisha. Haina mhusika wa kukumbukwa, haina mgogoro, na mandhari yake ni kama ya mchezo wa watoto. Clouds Over Sidra inaishinda kwa kila kigezo cha sanaa. Lakini katika SnowWorld aliyevaa miwani ndiye mwenye kidonda. Yeye ndiye anayechagua wapi pa kutazama, yeye ndiye anayerusha, na akitaka kuvua anavua. Hakuna anayejifunza huruma kwa kumtazama.

Sisemi kwamba miwani ni dawa ya kila kitu. Katika utafiti wa majeruhi wa moto ilitumiwa pamoja na dawa za maumivu, haikuchukua nafasi yake. Hata hivyo njia hii haikubaki maabara. Mwezi Novemba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya EaseVRx kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, waitumie nyumbani kwa wiki 8.

Nilipokuwa nikisoma habari za SnowWorld nilimkumbuka mjukuu wa mama mkubwa. Alipokuwa na miaka sita alimwagikiwa na uji wa moto mguuni. Katika zahanati aliyopelekwa, siku ya pili ya kubadilisha bandeji, dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha. Muuguzi alimgeuza kichwa kuelekea dirishani akamwambia, "Nihesabie wale mbuzi." Mbuzi hawakutulia. Mtoto alifika kumi na nne, mmoja akapita nyuma ya mwingine, akalazimika kuanza upya. Alilia, lakini aliendelea kuhesabu mpaka bandeji ikafungwa. Muuguzi yule hakuwa amesikia habari za Seattle. Alijua tu kwamba akili ya mtoto ikipewa kazi, mguu unasahaulika kidogo. Jambo ambalo watafiti walilijengea bonde la barafu, yeye alilifanya kwa mbuzi wa jirani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema teknolojia hii ni anasa isiyotuhusu. Inatuhusu. Majeraha ya moto ni ya kawaida mahali ambapo watu wanapikia chini, kwenye mafiga, nyumba ikiwa chumba kimoja. Umeme wa kuchaji, usafi wa miwani inayovaliwa na mgonjwa baada ya mgonjwa, na maelekezo kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, yote haya ni matatizo ya kweli. Lakini ni matatizo ya namna ya kuifikisha miwani kwa mwenye kidonda. Tukishindwa huko, angalau tutakuwa tumeshindwa tukielekea mahali panapostahili.

Kuna pingamizi moja zito, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Huruma ya mfadhili hugeuka chakula. Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Nyumbani kwetu tuliijua asilimia hiyo kwa kuangalia sufuria. UNICEF iliitumia Clouds Over Sidra kuchangisha fedha kwa watu wanaopita barabarani, na mtu aliyelala njaa hawezi kudharau kazi hiyo. Sisemi filamu kama hizi zisitengenezwe. Nasema tuzipe jina lake, ambalo ni uchangishaji, na tuzihakiki kwa jina hilo. Kuziita mashine za huruma kunampa mtazamaji sifa ambayo hajaifanyia kazi. Anavua miwani akiamini kwamba ameishi Zaatari, wakati hakuna kunguni hata mmoja aliyemuuma.

Jambo hili si la nadharia kwangu. Mwaka jana kundi moja lililokuwa likitengeneza filamu ya nyuzi 360 kuhusu watoto wa makazi ya wakimbizi lilinitafuta niwatafsirie. Niliomba kitu kimoja: filamu ikikamilika, watoto waliomo waitazame kwanza wakiwa wamevaa miwani. Nilijibiwa kwa upole kwamba miwani iko miwili tu na yote miwili inahitajika kwenye mkutano wa wafadhili. Niliifanya kazi ile, kwa sababu nilikuwa nadaiwa ada. Mtoto mmoja alisema kwa Kiswahili chake kwamba amechoka kuulizwa anataka kuwa nani akikua, ilhali hakuna anayemuuliza anataka nini leo. Nilitafsiri sentensi yote. Katika filamu imebaki nusu ya kwanza tu, na ikionekana peke yake inamfanya aonekane mtoto aliyekata tamaa.

Naandika haya kwa wanafunzi wenzangu kwa sababu kazi hizi zitatufikia. Sisi ndio wenye Kiswahili na Kiingereza, na kila mradi wa aina hii unaokuja katika kambi zetu utahitaji mtu wa kusimama katikati. Tuhakiki kabla ya kutafsiri. Tuulize miwani iko mingapi na itavaliwa na nani. Tuulize kama anayesimulia ataisikia hadithi yake kabla haijaenda Davos. Nami nikitafutwa tena, sitaomba kama nilivyoomba mwaka jana. Nitataka iandikwe kwenye mkataba kwamba siku moja miwani ile ibaki makazini, nusu siku kwa watoto waliopigwa picha na nusu siku katika chumba cha kubadilishia bandeji.