Tundu Kileleni: Jinsi Konokono Anavyopumua Bila Kujichafua

Maji yakipwa utamwona mwambani kama kawa ndogo iliyofunikia jiwe. Sogea karibu. Kileleni mwa kawa hiyo pana tundu, mara nyingi la mviringo uliorefuka, mfano wa tundu la ufunguo. Usidhani gamba limepasuka au samaki amelidonoa. Konokono wa jamii ya Fissurellidae hukua na tundu hilo, na bila hilo asingeweza kuishi anavyoishi.

Kisa chake kinaanza mapema sana. Konokono akiwa bado buu anayeelea majini, viungo vyake vya ndani hupinduka nyuzi 180 juu ya kichwa na mguu. Chumba cha matamvua kilichokuwa nyuma huja mbele. Mkundu nao huja mbele, juu ya kichwa kabisa. Ni kama nyumba ambayo choo kimehamishiwa juu ya mlango wa jikoni: taka zinatokea pale pale maji safi yanapoingilia.

Konokono wengi wa leo walijinasua kwa kubaki na tamvua moja. Maji huingia kushoto, hupita kwenye tamvua hilo, hutokea kulia na taka zake. Jamii ya Fissurellidae haikufuata njia hiyo. Wao wamebaki na matamvua mawili, la kushoto na la kulia, na kwa hiyo upande wowote ambao taka zingetokea ungechafua tamvua mojawapo. Njia iliyobaki ni juu. Maji huingia chini ya ukingo wa mbele wa gamba, huyapitia matamvua yote mawili, kisha hupanda na kutoka kileleni yakizoa kinyesi na mkojo, kwa kuwa mkundu na vitundu vya figo viko hapo hapo karibu na tundu. Yaliyotoka hayarudi.

Mtoto wa konokono huyu hazaliwi na tundu kileleni. Huanza na mkato mdogo kwenye ukingo wa mbele wa gamba. Anapokua, gamba jipya huongezwa mbele ya mkato na kuuziba mdomo, ukabaki uwazi uliozungukwa pande zote. Uwazi huo ndio unaokuja kuwa tundu la juu, na katika spishi nyingi hupanuka mpaka kuila ile ncha ya kwanza ya gamba.

Lakini ni nani anayeyasukuma maji? Kazi ya msingi hufanywa na vinyweleo vidogo sana vinavyopepea juu ya matamvua. Mwaka 1978, Murdock na Vogel walichapisha utafiti wao juu ya Diodora aspera, spishi ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wakaonyesha kwamba bahari yenyewe husaidia. Karibu na jiwe mkondo huenda polepole kwa sababu ya msuguano. Juu kidogo, penye kilele cha gamba, huenda kasi zaidi. Panapokuwa na kasi zaidi shinikizo hupungua, na maji yaliyo ndani huvutwa kuelekea huko. Upepo ukivuma juu ya dohani, moshi huvutwa kwa namna hiyo hiyo. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote: umbo la kawa, lenye ukingo chini na tundu juu, linamfanyia konokono kazi bila yeye kutumia nguvu yoyote.

Tundu lina gharama yake. Konokono wa kawa isiyotoboka anaweza kuligandamiza gamba mwambani na kuhifadhi maji mpaka bahari irudi. Huyu ana uwazi juu, kwa hiyo wengi wa jamii yake hukaa sehemu za chini za ufuko au chini ya maji kabisa, ambako jua haliwakaushi.

Huko chini kuna viti vya pweza. Diodora aspera akimgundua kiti cha pweza mla konokono, hulitoa joho lake, ile ngozi laini ya ndani, na kulipandisha juu mpaka lifunike gamba. Mwaka 1964 mtafiti Margolin alieleza faida yake: vijiguu vya kiti cha pweza havipati pa kushika, vinateleza. Mara nyingi chini ya gamba huishi pia mnyoo wa magamba, Arctonoe vittata, ambaye ameonekana akiving'ata vijiguu vya adui. Mpangaji anamlinda mwenye nyumba.

Nduguye mkubwa wa California, Megathura crenulata, anayeweza kufikia sentimita 13, amewafaa hata madaktari. Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, hugeuka buluu ikipata hewa, na protini yake hutumika katika utafiti wa kinga ya mwili.

Nasi tunao wa kwetu. Diodora ruppellii, mdogo wa sentimita mbili tatu, hupatikana katika Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki, chini ya mawe. Siku ya bamvua, maji yakipwa sana, shuka ukamtafute. Ukiinua jiwe, lirudishe kama ulivyolikuta, upande wa chini ukabaki chini, maana hapo ndipo anapoishi.