Nafsi, Jinsia na Sauti katika Nyimbo za Jimmy Somerville

Mhakiki aliyelelewa na Kiswahili huzifikia nyimbo za mapenzi za Kiingereza akiwa na mazoea ambayo huenda asiyatambue. Lugha yake haimlazimishi mtu kutaja kama apendwaye ni mwanamume au mwanamke. Nampenda, amenitupa, hanijali: kiambishi ni kile kile, na msikilizaji huachiwa ajijazie. Mtunzi wa taarabu akiimba ua au njiwa, fumbo husitiri nusu ya jambo, na sarufi ikasitiri nusu iliyosalia. Kiingereza hakina sitara hiyo katika nafsi ya tatu umoja. Kiwakilishi chake hutaja jinsia, atake asitake mwenye kusema. Kwa muda mrefu mwimbaji wa nyimbo pendwa aliyewapenda wanaume wenzake alikuwa na hila mbili: kumgeuza mpenzi wake akawa mwanamke, au kukimbilia nafsi ya pili, ambayo haina jinsia. Jimmy Somerville aliishika hii ya pili, lakini akaiondolea uficho wake wote.

Somerville alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1961. Sheria ya 1967, iliyoacha kuwahesabu kuwa wahalifu wanaume wawili waliotimiza miaka 21 na kupendana faraghani, ilihusu England na Wales tu. Uskoti ilingoja sheria ya mwaka 1980. (Amri ile ya kale Waingereza walikuwa wamekwisha kuieneza katika makoloni yao, na mizizi yake ingalimo katika sheria za adhabu za Kenya.) Alihamia London, na mwaka 1983 akaunda kundi la Bronski Beat pamoja na Steve Bronski na Larry Steinbachek. Wote watatu hawakuficha hali yao. Mwaka uliofuata wimbo wao wa kwanza, "Smalltown Boy", ulifika nafasi ya tatu katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Albamu yao ya mwaka huo waliiita "The Age of Consent", na ndani ya jalada lake wakaorodhesha umri ambao sheria za nchi mbalimbali ziliuruhusu kwa mapenzi ya wanaume. Si kawaida jalada la santuri ya dansi kusomeka kama waraka wa bunge.

"Smalltown Boy" umejengwa kwa nafsi ya pili karibu wote. Kijana anauhama mji mdogo asubuhi, mzigo wake ni mmoja, na mama anaachwa nyuma asielewe sababu. Hakuna kiwakilishi kinachofichua lolote. Uzito wote wa jinsia umetuama juu ya nomino moja, ile "boy", na juu ya jambo lililo nje ya maneno, yaani kwamba aimbaye ni mwanamume aliyekwisha kujitangaza. Tena nafsi ya pili hapa haimwelekei mpenzi. Mwimbaji anasema na kijana yule, na kwa hiyo anasema na nafsi yake ya jana, na kila kijana aliyesimama katika kituo cha treni kwa sababu kama hiyo.

Wako wanaoshikilia kwamba maisha ya msanii ni porojo za magazeti, na kwamba mhakiki ayasome matini peke yake. Katika wimbo huu rai hiyo haisimami. Maneno yale yale yakiimbwa na mtu aliyejificha huwa ni wimbo wa kijana yeyote aliyechoshwa na kwao. Kujitangaza kwa Somerville kunafanya kazi ambayo kiwakilishi kingeifanya. Ni sehemu ya sarufi ya wimbo. Mfasiri naye na awe macho. "Kijana wa Mji Mdogo" ni jina lenye mdundo mzuri, lakini kijana aweza hata kuwa msichana, na uficho ambao mtunzi aliufukuza ungerudi kwa mlango wa nyuma. "Mvulana" halipendezi sana sikioni. Hata hivyo ndilo linalofaa.

Sauti nayo ina hoja yake. Somerville huimba kwa sauti nyembamba ya juu, ile ambayo mwanamume huipata kwa kuipandisha sauti kupita kipimo chake cha kawaida, na "Smalltown Boy" hutangulizwa na kilio kirefu cha sauti hiyo, bila neno. Mwaka 1986, akiwa na kundi la The Communards aliloliunda na Richard Coles (ambaye baadaye akawa kasisi wa Kianglikana), aliimba upya "Don't Leave Me This Way", wimbo wa Wamarekani wa miaka ya 1970. Aliyeshirikiana naye ni Sarah Jane Morris, mwanamke mwenye sauti nzito ya chini. Basi mwanamume akashika juu na mwanamke akashika chini, na masikio yaliyozoea kuambiwa jinsia kwa kimo cha sauti yakakosa pa kushika. Wimbo huo ulikaa kileleni kwa majuma manne, ukauzwa kuliko mwingine wowote nchini Uingereza mwaka ule. Kwa maneno yake ni mwepesi, na si haki kuulinganisha na ule wa 1984. Ubora wake umo katika mgawanyo wa sauti.

"For a Friend", uliotolewa peke yake mwaka 1988, ni mzito zaidi. Unamwomboleza Mark Ashton, mmoja wa walioanzisha kikundi cha mashoga na wasagaji wa London kilichowachangia fedha wachimba makaa ya mawe wakati wa mgomo wa 1984 na 1985. Bronski Beat waliimba Camden, Desemba 1984, katika tamasha la mchango huo. Ashton alifariki kwa Ukimwi Februari 1987, akiwa na miaka 26. Mwaka wimbo ulipotolewa ndio bunge lilipozikataza serikali za mitaa kuuendeleza ushoga, katazo lililodumu England na Wales hadi 2003. Ungetazamia mtunzi apige kelele. Yeye amechagua neno dogo kabisa, "rafiki", ambalo halina jinsia katika Kiingereza wala katika Kiswahili, na safari hii halifichi kitu, kwa maana Ashton alikuwa rafiki hasa. Wanawake wa pwani, waitanapo shoga, wanalijua neno linalokaribia hilo kwa upole wake, kabla halijageuzwa kuwa tusi kwa wanaume.